Kifundo cha Bibi Hakizunguki

Leo nimewadanganya wageni kwamba kifundo kipya cha bibi yangu kinazunguka chote kama pedeli ya baiskeli. Nakiri mapema ili msije mkaniuliza. Nimechoka. Naandika nimelala chali, mguu uko juu ya mto.

Bibi alibadilishiwa kifundo cha mguu kwenye hospitali kubwa, mbali na huku. Cha zamani kilikuwa kimelika, kila hatua machozi. Wakamwekea cha chuma, katikati kipande cha plastiki. Hogo, ile plasta ngumu ya mguuni, limeshatolewa, sasa ni mazoezi: unyayo juu, unyayo chini, mara tatu kwa siku. Msimamizi ni mimi. Mama aliweka sharti: nikimsimamia bibi wiki nzima bila utani wangu, Jumamosi naenda Omurushaka kucheza na timu ya shule. (Winga wa kulia. Wapinzani walishaanza kuniogopa. Kidogo.)

Tatizo wageni. Huku Ihanda mgonjwa akirudi kutoka hospitali, hata mbuzi wanakuja kumpa pole. Tangu asubuhi wanaingia na mikungu ya ndizi, wanatafuna punje za kahawa, halafu swali lilelile:

"Hicho chuma kinachezaje?"

Kundi la kwanza nikalieleza kama daktari. Kinakwenda juu na chini, kama bawaba ya mlango. Pembeni kidogo sana. Hakifiki pale kilipofika cha kuzaliwa nacho, ila kutembea anatembea.

"Hivyo tu?" Wakasikitika, kana kwamba nimekitengeneza mimi.

Kundi la pili: hivyo tu? La tatu: hivyo tu? La tano akaingia Mzee Kaiza, mdogo wake marehemu babu, na watu sita nyuma yake. Akauliza. Uzalendo ukanishinda.

"Kinazunguka chote, babu. Kama pedeli."

"Mawe!" wakashangaa wote kwa Kihaya, yaani mama yangu! (Hatimaye watu wameridhika!)

Mzee Kaiza akasogeza kigoda hadi miguuni kwa bibi, akakunja mikono ya shati. "Shemeji, lete huo mguu niuzungushe."

Jasho! Angemvunja bibi wa watu. Nikamtazama bibi aniokoe. Anatafuna kahawa yake taratibu.

"Subiri, shemeji," akasema. "Mwalimu wangu wa mazoezi si huyu? Atuonyeshe kwanza kwa mguu wake."

Wote wakanigeukia. Ningesema tu "nimedanganya", yakaisha. Lakini mama alikuwa mlangoni na sinia la chai, na Jumamosi yangu nikaiona inaondoka. Nikasimama kwa mguu mmoja, nikajizungusha.

Sasa sikieni. Asubuhi mama alinituma nikate majani ya kutandika sebuleni, wageni wakute pametandikwa. Ilibidi niyaanike kwanza, umande ukauke. Nani aanike? Niliyamwaga yakiwa yanachuruzika, juu ya sakafu ya saruji niliyoisugua ikang'aa.

Mwili ulizunguka. Kifundo kikakataa.

Nikatua juu ya mkungu wa Mzee Kaiza. Nimelia. Ndiyo, nimelia! "Mamaaa!" mbele ya watu saba, na mmoja wao ni binti ninayesoma naye darasa moja.

Aliyenifikia wa kwanza ni bibi. Alipita kando ya ukuta pasipo na majani, na fimbo yake, unyayo juu, unyayo chini, bila kuchechemea.

"Mmeona?" akawaambia wageni. "Hivi ndivyo kinavyocheza."

Wakampigia makofi. Mimi niko chini, nimekumbatia ndizi.

Kifundo changu kimevimba kama kiazi. Kundi la saba limefika na kunipa pole mimi.

Jioni nikamwomba mama, kwa sauti ya mgonjwa kabisa, anipeleke Jumamosi nikatazame mechi tu. Akaendelea kumenya ndizi. Alichosema ni hiki:

"Omurushaka nitaenda na bibi yako, anataka kuona mpira. Wewe utabaki hapa kupokea wageni."