Kumpita Babu kwa Saa Sita

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya kwanza ya likizo. Vita vimezuka nyumbani, na jeshi zima ni mimi.

Baba mdogo alikuja wakati wa chai kuomba magurudumu ya baiskeli ya Babu. Yeye ni seremala. Anataka kuunda mkokoteni wa kupelekea watu vitanda vyao. Alisema baiskeli imekaa stoo mwaka mzima tangu Babu afariki, kazi yake kulisha kutu. Mama akaitikia kwa kichwa. Kwa kichwa tu, kama mtu aliyeulizwa kama chumvi imetosha! Bibi aliendelea kuchambua mchele.

Ndipo nikasikia mtu akisema kwamba baiskeli hiyo bado nzima, na Jumamosi ataiendesha njia yote aliyopita Babu enzi zake za kupeleka barua: kiwanda cha mbao, daraja, posta ya zamani mlimani, na kurudi. Mtu huyo alikuwa mimi. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu wazima.

Baba mdogo alicheka hadi akapaliwa. Aliniuliza kama miguu hiyo ni yangu au nimeazima. Tumekubaliana: nikiingia getini nimeikalia kabla jua halijazama, baiskeli ni yangu. Nikiikokota au nikiletwa na gari, magurudumu ni yake. Aliondoka akiyapima kwa futi kamba. Mbele yangu!

Jumanne, 5 Agosti

Ushindi umepatikana, kwenye karatasi.

Bibi amenipa daftari la kazi la Babu. Kila ukurasa una saa zilezile. Kutoka nyumbani, saa kumi na mbili asubuhi. Kiwanda cha mbao, saa mbili. Daraja, saa nne. Posta, saa sita. Halafu kinyumenyume hadi nyumbani, saa kumi na mbili jioni. Nimepima njia kwa uzi juu ya ramani ya shule. Jumla ni kilomita themanini, na kila kipande ni kama kumi na tatu.

Saa mbili kwa kilomita kumi na tatu! Huo ni mwendo wa mtu anayetafuta sindano barabarani. Samahani, Babu, lakini hesabu haina undugu.

Mimi nitatumia saa moja kwa kila kipande. Saa sita mchana nitakuwa nyumbani nikila, nimempita Babu kwa saa sita kamili. Kitabu nilichoazima maktaba kina sura nzima ya kutunza nguvu. Nimeiruka. Inaonekana imeandikiwa wazee.

Bibi ameniuliza kama nimelisoma daftari vizuri. Nimemkumbusha kwa heshima kwamba hesabu nilipata tisini na mbili. Amesema haya, mjukuu wangu, kisha akageukia sufuria. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku mbaya. Mnyororo ulikuwa unalia, nikaupaka mafuta ya kupikia. Asubuhi nimekuta sisimizi wa dunia nzima wamehamia. Mama ameuliza mafuta yake yamekwenda wapi. Sisimizi wamenijibia.

Jioni mazoezi. Nilifunga matofali sita kwenye kiti cha nyuma yawe badala ya mfuko wa barua. Dada akaniuliza nani ameagiza ukuta. Nikageuka kumjibu jambo la busara, nikaingia kwenye nguzo ya geti. Jambo lenyewe limenitoka.

Nimeusafisha mnyororo kwa mafuta ya taa, nikaupaka oili ya Babu iliyobaki kwenye kitako cha kopo. Harufu ile! Nimejikuta nina miaka sita, nimekaa kwenye kiti hichohicho cha nyuma, pua imegandana na koti lake. Alikuwa akiniambia shika koti, usinitekenye, tutaanguka na barua za watu. Mfuko wa koti ulikuwa na peremende zilizoshikamana na funguo. Nilikuwa nanyonya peremende yenye ladha ya kufuli. Sijapata tena peremende tamu kama zile.

Nilikaa stoo muda mrefu. Ilikuwa harufu ya oili, inaingia machoni.

Ijumaa, 8 Agosti

Mzigo uko tayari: pampu, viraka, mayai manne ya kuchemsha, daftari la Babu na riwaya ya kurasa mia nne, maana mtu akimaliza mapema asikae bure.

Kengele ina ufa. Hailii kama kengele. Inalia kama kijiko kimeanguka kwenye sinia. Nilitaka kuibadilisha. Bibi amekataa katakata. Ameisugua kwa majivu mpaka inang'aa, na nilipoipiga kuijaribu, alisimama kidogo akiwa na kitambaa mkononi. Kisha akaniambia nikalale.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nimesimama. Kukaa hakuwezekani.

Nilitoka saa kumi na mbili kama risasi. Saa moja kasoro dakika tano nikafika kiwanda cha mbao. Nimempita Babu kwa saa nzima na ushee! Miguu ilikuwa inatetemeka, macho yanaona nyota, lakini ratiba ni ratiba. Nikapiga kengele kuwatawanya kuku.

Kosa kubwa! Mama muuza chai alitoka kibandani mbio, mikono ina unga, akisema Baba Barua huyo. Aliponiona alisimama. Akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamwambia. Basi hapo nikakamatwa. Nilikalishwa kwenye benchi, nikaambiwa hapa ndipo Babu alipokuwa anakaa, upande huu, na kikombe chake ni hiki. Vikombe viwili, maandazi matatu. Nilieleza kwamba nina haraka. Akasema Babu naye alikuwa na haraka, kunywa chai. Alinihadithia jinsi Babu alivyomsomea barua ya mwanawe mara nne, maana ya kwanza alilia, ya pili hakusikia, na mbili zilikuwa za raha tu. Aliniachia ilipotimu saa mbili kamili.

Darajani, tena kuku, tena kengele. Fundi viatu akaniita mjukuu wa posta, akanivua kiatu kwa nguvu kukishona. Mtu hukimbiaje na kiatu kimoja? Nililala chini ya banda lake nikisikiliza mambo ya Babu hadi saa nne. Mlimani, karani mstaafu alinionyesha dirisha la barua, akanilaza kwenye mkeka, akanifunika gazeti usoni. Kurudi, walewale wananingoja njiani na maji na maswali: nimefika? Karani hajambo? Ikabidi nipeleke salamu zao kila kituo. Sikupata nafasi ya kuwa na kasi hata kidogo!

Niliingia getini nikiwa juu ya kiti, jua limekaa ukingoni. Saa kumi na mbili kasoro dakika mbili. Baba mdogo aliweka futi kamba mfukoni, akasema miguu kumbe ni yangu. Bibi hakuuliza nimechoka kiasi gani. Aliuliza kama mama wa chai bado anaweka sukari nyingi.

Jumapili, 10 Agosti

Baiskeli ni yangu. Lakini Babu nimempita kwa dakika mbili tu, na ni aibu.

Nimechunguza kwa kina kilichoniangusha. Mwendo wangu wa saa ya kwanza ulikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni watu. Bila chai, kiatu na mkeka ningekuwa nyumbani mchana, hesabu hazidanganyi. Na watu wameletwa na kengele.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo nakwenda tena, kimya kimya. Nimeizungushia kengele kitambaa, tabaka tatu. Nikaipiga mara moja tu, kuhakikisha.

Bibi alitoka jikoni mbio, akatazama getini. Halafu akanitazama mimi. Aliniuliza kama kuna barua yake.

Nimeandika pembeni ya ratiba: kitambaa hakitoshi, tabaka sita.