Saa Ishirini na Tatu

Jumatano, 5 Machi

Nimepewa onyo. Mimi, Dorsey Whitlow, muuza mazulia, miaka hamsini na mmoja, nisiyewahi hata kuitwa kwa mwalimu mkuu nilipokuwa mwanafunzi. Kosa lenyewe: jana nilimwambia mshika kibendera kwamba mke wangu ana miwani ya akiba ndani ya gari. Nilisema kwa upole. Kwa sauti ya juu, lakini kwa upole.

Barua imetoka kwa Kocha Zepeda, anayefundisha timu ya mpira ya wasichana. Ananikumbusha kwamba Januari nilisaini Ahadi ya Mzazi. Kweli nilisaini. Kurasa nne, juu ya boneti ya gari, bila kusoma hata mstari mmoja, maana kulikuwa na baridi na wenzangu wote walikuwa wanasaini. Sasa Nadine, mke wangu, ameubandika ukurasa wa kwanza kwenye mlango wa friji, usawa wa macho yangu. Kosa la pili likitokea, nakosa mechi moja ya nyumbani.

Na Ijumaa ya wiki ijayo ni Jioni ya Wanaomaliza. Kila msichana wa mwaka wa mwisho anatembea mpaka katikati ya uwanja, mama kushoto, baba kulia, jina linatangazwa kwenye kipaza sauti. Loralee ni mtoto wetu wa pekee. Hatutakuwa na jioni nyingine ya namna hiyo. Tai nimeshanunua.

Loralee mwenyewe hana tatizo. Alama zake zinatosha katika kila somo, fomu ya daktari ipo, mahudhurio hayana doa. Sifa zote za kucheza anazo. Tatizo ni kwamba hachezi. Ni kipa wa pili. Kipa wa kwanza ni Tamsin, ambaye bado ana mwaka mzima shuleni, binti wa Buford Kimsey, fundi magari na mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Kimsey ana kiti cha kukunja chenye paa. Paa!

Nimesoma ukurasa wa friji. Mzazi haruhusiwi kumwambia kocha habari za nani acheze mpaka zipite saa ishirini na nne tangu mechi iishe. Sawa. Lakini habari za karanga haukuzitaja.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempelekea Kocha ndoo ya karanga za kuchemsha, zenye chumvi, bado zinatoa mvuke. Sikutamka neno "kipa". Nilisema tu kwamba aliyezichambua ni Loralee, kwa mikono yake, mikono mikubwa, inayoshika kitu kikashikika.

Kocha alishukuru kwa moyo wote, kisha akaita timu nzima. Kimsey, aliyekuja kumchukua Tamsin, alikula karibu nusu ya ndoo akiwa amesimama, akaniambia, "Dorsey, hapa chumvi imekaa mahali pake." Ndoo imerudi tupu. Loralee yuko benchi kama kawaida.

Nadine anasema hiyo ni rushwa. Nimemjibu kwamba rushwa haichemshwi.

Jumamosi, 8 Machi

Mechi. Nimekaa kimya dakika zote themanini. Siri yangu ni tofi. Kila nikitaka kusema kitu, natia moja mdomoni. Kipindi cha pili tofi tatu ziligandisha meno yangu, ikawa hata ningetaka nisingeweza. Refa alinipungia mkono kwa heshima. Kimsey, chini ya paa lake, alipiga kelele "Chezeni, mabinti" mara arobaini, na hilo linaruhusiwa kwa sababu ni kutia moyo.

Tumeshinda tatu bila. Tamsin aligusa mpira labda mara tano. Tunaongoza kwa mabao matatu, na mtoto wangu anashika chupa za maji! Niliangalia saa. Kipenga cha mwisho kililia saa kumi na dakika kumi jioni. Nikaandika kwenye kiganja.

Kesho, saa kumi na dakika kumi na moja, sheria itakuwa upande wangu. Nimeandaa hotuba ya dakika nne na mchoro mmoja wa lango.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya.

Ilianza vizuri. Usiku wa kuamkia leo saa za nchi nzima zilisogezwa mbele kwa saa moja, kama kila mwaka mwezi huu, na ni mimi niliyezisogeza zote: ya jikoni, ya gari, ya mkononi. Kanisani familia mbili zilizosahau ziliingia katikati ya mahubiri. Niliwatazama kwa huruma, ya kuwafanya wajisikie vibaya kidogo.

Saa kumi na dakika kumi na moja kamili nilikuwa nyumbani kwa Kocha Zepeda. Nilimkuta nyuma ya nyumba anaanika fulana za mazoezi. Kimsey naye alikuwepo, anamtengenezea mashine ya kukatia nyasi. Nikatangaza kwamba muda umetimia, nikafungua mchoro, nikaanza. Nilikuwa nimefika kwenye mikono mikubwa Kocha aliponyoosha kidole nisimame kwanza.

Kocha Zepeda darasani anafundisha hisabati. Akauliza mechi iliisha saa ngapi. Nikamwonyesha kiganja. Akauliza usiku wa jana ulikuwa na jumla ya saa ngapi.

Nikahesabu kwa vidole. Jana usiku, saa nane haikuwepo. Tulitoka saa saba na dakika hamsini na tisa, tukaingia saa tisa moja kwa moja. Saa moja nzima ya maisha yangu imeibwa, na mwizi nimemsaidia mimi mwenyewe, chumba hadi chumba.

"Ni saa ishirini na tatu, Bwana Whitlow," alisema Kocha. "Na mchoro juu."

Nikajitetea kwamba jua halijui mambo ya kusogeza saa. Akasema ndiyo, na jua ndilo shahidi wake. Kimsey aliinamia mashine, mabega yakitikisika.

Kocha aliniomba radhi, na naamini alimaanisha. Kanuni aliiandika yeye mwenyewe, na akiniachia mimi, kesho atakuta akina baba kumi na sita mlangoni. Kosa la pili. Nakosa mechi ya nyumbani inayofuata.

Nadine alicheka mpaka akashika meza. Halafu akakumbuka Ijumaa, akaacha kucheka. Loralee hakucheka kabisa. "Baba, mimi sikukutuma," alisema. Akasema benchi halimuumi, amelizoea, marafiki zake wako pale. Alichokitaka ni kutembea na sisi wawili, basi. Akaenda chumbani, akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Jumatatu, 10 Machi

Barua ya ofisi ya michezo ya shule. Wiki hii watu watatu wamezuiwa: kijana wa mieleka aliyeanguka aljebra, msichana wa tenisi aliyepoteza fomu ya daktari, na mimi. "Mzazi aliyetajwa hana sifa ya kuhudhuria."

Loralee aliisoma akinywa maziwa. "Miaka yote hii unapenda sifa, Baba," akasema. "Sasa huna."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu jana. Nimeyapokea kwa shukrani.

Jumanne, 11 Machi

Usingizi hakuna, lakini wazo limekuja. Zulia jekundu! Nimeiandikia shule kwamba duka langu litatoa mita arobaini za zulia jekundu, bure, ili wasichana wasitembee kwenye nyasi zenye umande. Sharti moja dogo: zulia la aina hiyo lazima litandazwe na fundi. Mahali pa kutandaza: katikati ya uwanja. Wakati: Ijumaa jioni. Fundi: namjua mmoja.

Shule imejibu ndani ya saa moja. Wamefurahi sana. Wanashukuru sana. Atakayelitandaza ni Bwana Kimsey.

Amekuja dukani mchana kujifunza. Nilimfundisha kwa kununa, na alisikiliza kwa makini, jambo lililoniudhi zaidi. Wakati wa kuondoka aliuliza kama nimeusoma ukurasa wa nne wa Ahadi. Nikamwambia karatasi ile naijua kama kiganja changu. Alikiangalia kiganja changu kwa muda, akaenda zake.

Alhamisi, 13 Machi

Lazima niandike.

Leo timu ya wasichana wadogo ilikuwa na mechi uwanjani kwetu. Nikaona ni nafasi ya kulijaribu zulia kabla ya kesho. Adhabu ni ya kesho, nilijiambia, leo mimi ni mtu huru. Nikalipakia kwenye gari mpaka getini. Getini, anayekata tiketi: Kimsey.

Akasema siingii. Nikasema sikuja kutazama, nimekuja kutandaza. Akasema, "Rudi nyumbani, Dorsey." Nikamwita mfalme wa kivuli. Nikamwambia cheo kimempanda kichwani. Yeye akachukua kile kiti chake, akakikunjua katikati ya geti mbele ya gari langu, paa na yote, akakaa. Nilipiga honi. Alijimiminia chai.

Nikarudi nyumbani natokwa na povu. Namsimulia Nadine, naye anafungua droo, anatoa kurasa tatu ambazo sijawahi kuziona, anasoma ule wa nne kwa sauti. Adhabu ya mzazi inatumikiwa katika mechi ya kwanza ya nyumbani baada ya kosa, ya timu yoyote ya mchezo huo. Timu yoyote. Wakubwa au wadogo.

Yaani leo. Adhabu yangu ilikuwa leo, na nilikuwa naitumikia pale pale jikoni, mbele ya mkate wa mahindi. Ningevuka lile geti ningekuwa nimeivunja, na kesho ingeniponyoka.

Nadine alimpigia simu Kocha kuhakikisha. Kocha alishangaa. Alidhani najua. Anasema aliijaza taarifa ya kosa langu Jumapili hiyo hiyo, na tarehe ya leo aliiandika kwa furaha.

Sikuinuka kwenye kiti mpaka mechi ya wadogo ilipokwisha. Niliogopa hata kwenda uani, isije ikahesabiwa kwamba nimetoka.

Kimsey alijua. Nimemwita mfalme wa kivuli, naye alijua.

Ijumaa, 14 Machi

Nimetembea.

Kimsey alilitandaza zulia bila kunjo hata moja. Mimi mwenyewe nisingelitandaza hivyo. Nilimwambia. Nilimwambia na mengine pia, akasema mwaka juzi alizuiwa yeye, kwa kumwita refa kiazi, na aliyemsomea ukurasa wa nne ni Nadine. Nadine hakuwahi kuniambia. Nina mke wa aina gani? Mwema kuliko ninavyostahili.

Kila msichana alikuwa ameandika maneno yake, yakasomwa kwenye kipaza sauti wakati familia inatembea. Nadine kushoto, mimi kulia, mkono wa Loralee umepita kwenye kiwiko changu. Kweli ni mkono mkubwa. Mtangazaji akasoma: "Loralee Whitlow, kipa, atasomea uuguzi. Anamshukuru mama yake kwa kumfundisha kusoma kabla ya kusaini. Anamshukuru baba yake, ambaye hajawahi kuchelewa kwa ajili yake hata mara moja. Mara nyingine huwahi kwa saa moja."

Uwanja mzima ulicheka. Mshika kibendera alicheka. Mimi nililia, sina haja ya kuficha, na tai ile mpya ndiyo niliyojifutia. Loralee alinibana kiwiko na kuninong'oneza, "Tembea, Baba, watu wanatusubiri."

Kisha akaanza golini. Kumbe kila mwaka, jioni hii, Kocha huanza na wote wanaomaliza. Ni desturi. Nadine alijua, Loralee alijua, Kimsey alijua. Kipindi cha kwanza chote ni chake. Alipangua shuti moja la hatari, na moja likampita katikati ya miguu. Tulishinda mbili kwa moja. Nilikula tofi kumi na nne na sikusema neno baya kwa kiumbe yeyote.

Niandike hapa ili nisisahau: sikuhitaji hila hata moja. Karanga, mchoro, zulia, vyote bure. Kila kitu kilikuwa kimeshapangwa na watu wema walionizunguka, na mimi ndiye niliyekuwa nakaribia kukiharibu. Nawashukuru wote.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamka bado nashukuru. Nimemkatia Kimsey kipande cha zulia jekundu cha kuweka chini ya kiti chake. Alifurahi, akasema nikitaka kuna nafasi ya katibu kwenye kamati ya wazazi, akanipa fomu. Ina kurasa tano. Nimeshaisaini, kwenye boneti.

Kocha nimemnunulia keki. Ni ya shukrani tupu. Ila nikishamkabidhi, kama mazungumzo yakielekea huko yenyewe, nitauliza kwa nini kipindi cha pili Loralee alitolewa, maana mtu aliyepangua shuti lile alikuwa ndiyo kwanza anachemka. Si malalamiko. Ni swali, na limo ndani ya shukrani.

Mechi iliisha saa mbili na robo usiku. Nimemuuliza Nadine mara mbili kama kuna saa yoyote inayosogezwa leo. Hakuna. Safari hii hakuna wa kunikamata.

Naondoka sasa, saa moja na robo jioni, nisije nikachelewa. Nitakaa kwenye ngazi za mlango wake na keki mapajani na mchoro mpya mfukoni, kimya kabisa, mpaka muda utimie. Kusubiri hakujakatazwa popote kwenye Ahadi. Nimehakikisha mwenyewe, kwenye ukurasa ule wa friji.