Kuskusi Chini ya Kuba ya Kijani

Jumamosi, 4 Oktoba

Imeamuliwa. Jiko langu litakuwa la kijani.

Ninaandika nikiwa mtulivu, ingawa leo nimechekwa hadharani. Lalla Zhor, mama wa mchumba wangu Itimad, ametoa hukumu yake mbele ya sinia la chai: tarehe ya harusi haitatajwa mpaka alione kwa macho yake jiko atakalopikia bintiye. Atakuja Ijumaa ya tarehe 17, baada ya sala, na kuskusi tutaila humo humo. Asiporidhika, Itimad atabaki kwao. Haki kabisa. Ghorofa ya juu aliyotupatia mama yangu ina vyumba viwili vizuri, mapaa yote ya mji wetu wa Fesi yakionekana dirishani, na pango jeusi ambalo marehemu babu aliliita jiko.

La kuudhi: Anwar alikuwapo. Huyu ni mume wa dada yake Itimad, mtu asiyesoma chochote isipokuwa bei. Akanishauri nipake nyeupe, kama jiko lake. Nikamweleza kwamba nyeupe si rangi, ni woga wa kuchagua. Nikaendelea kueleza mpaka chai ikapoa.

"Msomi," akasema, "mwanamke hapiki kwa hoja."

Wote wakacheka, hata Itimad. Nitamjibu kwa vigae.

Swali linalonikosesha raha: kwa nini jicho hutulia likiona kijani? Nimefungua vitabu vitatu. Havikubaliani hata kidogo. Furaha iliyoje!

Jumatatu, 6 Oktoba

Ugunduzi. Hakuna rangi iitwayo kijani. Upo ukoo mzima, na ndugu hawaelewani.

Nimepanga dirishani nanaa, giligilani, zeituni mbichi na majani ya mboga ya atishoki, nikavitazama kutwa. Nanaa ya asubuhi si nanaa ya adhuhuri. Zeituni ukiiponda hukiri kwamba ndani yake mna manjano. Atishoki ikichemshwa huaga rangi yake ghafla, kama mgeni aliyeudhika. Lakini huiaga lini hasa? Nimechemsha sufuria baada ya sufuria ili nimkamate akitoka. Jioni mama akaulizia atishoki zake. Nikamwonyesha ukutani, ambako nilikuwa nimezipaka ili kuzilinganisha na giligilani. Akauliza kama ukuta umeota upele.

Nimempigia simu Itimad, nikamsomea aina zote kumi na moja za kijani. Alisikiliza kwa subira. Kisha akasema yeye ana ombi moja tu: droo ya visu ifungike vizuri. Ya kwao imemkwaruza vidole tangu utotoni. Nimemwahidi. Nimeliandika pembezoni, chini ya maelezo ya atishoki.

Alhamisi, 9 Oktoba

Vigae vimefika, vya kijani kilichoiva, na kila kimoja kinang'aa kwa namna yake. Fundi Bouazza ameanza kazi.

Wazo langu kuu ni hili. Moshi hupanda. Kwa hiyo juu ya meko patakuwa na kuba ndogo ya vigae, iuongoze nje kwa heshima. Katikati ya chumba, meza ya kukatia, ya matofali, yenye droo ya visu ubavuni. Chumba ni chembamba, kwa hiyo meza nayo ni nyembamba na ndefu, urefu wa mtu mzima.

Bouazza alisimama akiitazama michoro. Akauliza kama bwana amefikiri vizuri. Nikamjibu kwamba nimefikiri kuliko anavyoweza kufikiri kwamba mtu anaweza kufikiri. Akasema haya.

Jambo la kutia moyo: tangu alipoanza kuijenga kuba, anavua viatu mlangoni, na akizungumza anashusha sauti. Wazo kubwa humgusa kila mtu, hata kama hajui limemgusia wapi.

Jumanne, 14 Oktoba

Marumaru ya meza imechelewa. Matofali yako uchi. Msomi hababaiki: nimekwenda sokoni kununua mahameli ya kijani kilichokoza, yenye shada za dhahabu pembeni, ifunike meza hadi sakafuni. Mwenye duka akauliza, kwa sauti ya chini, ni ya bwana yupi. Nikasema ni yangu mwenyewe. Akanitazama kwa huruma nyingi na kuniombea mwisho mwema. Bei hakubishana kabisa. Nimeanza kuwapenda wafanyabiashara.

Mambo mawili yamebaki. Harufu ya rangi: nitachoma ubani. Mwanga: taa ya umeme inakichosha kijani, inakifanya kiwe kama supu ya jana. Nimejaribu mshumaa. Ajabu! Kijani kikapumua. Nimeweka mirefu minne, mmoja kila pembe ya meza.

Mlango naufunga kwa ufunguo. Mama haruhusiwi kupanda mpaka Ijumaa. Anwar ndiye aliyepenya, Bouazza alipokuwa anatoa uchafu. Akatazama kitambaa, akatazama kuba, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema Ijumaa hataikosa hata akiwa mgonjwa.

Hatimaye nimemshinda.

Ijumaa, 17 Oktoba

Niandike kwa utaratibu.

Nilipokea sinia la kuskusi kutoka kwa mama ngazini, nikaliweka juu ya mahameli, nikawasha mishumaa, nikatia ubani. Nikafungua mlango.

Lalla Zhor alisimama kizingitini. Akavua viatu. Akavuta mtandio, akabusu mwimo wa mlango, akaingia kwa hatua ndogo, akaweka kiganja juu ya kitambaa na kusoma Fatiha. Machozi yalimlengalenga. Akaliombea goti lake. Akaomba mvua. Akamwombea Itimad mume mwenye akili. Nikaitikia amina, kwani sijapata kuona mtu akiguswa hivyo na rangi.

Kisha akanigeukia, akaninong'oneza:

"Mwanangu, mbona hukutuambia kuwa mna walii humu ndani? Ni nani aliyelala hapa?"

Nikamjibu kwamba hajalala mtu. Hiyo ni meza ya kukatia vitunguu.

Anwar akaketi ngazini na kuficha uso. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Nakiri kufanana fulani. Kuba ya kijani, kitambaa, mishumaa, ubani. Nikaanza kueleza tofauti kati ya umbo na kusudi.

"Hakuna maiti, mama," nikahitimisha.

"Basi kaburi hili linamngojea nani?"

Wakati huohuo jirani wa mtaa wa nyuma, aliyefuata harufu ya ubani hadi juu, akaingia na mtoto wake asiyelala usiku, akauliza kwa adabu kama zamu yake imefika. Mama yangu akampisha. Jirani akaacha mshumaa na sukari.

Lalla Zhor akatamka kwamba bintiye hatamenya vitunguu kifuani mwa mtu, awepo au asiwepo.

Itimad aliinua pindo la mahameli, akainama, akavuta droo ya visu. Ikatoka. Akaisukuma. Haikurudi. Akaisukuma kwa nyonga.

"Munsif," akasema taratibu, "nilikuomba kitu kimoja."

Kicheko cha Anwar hakikuniuma kama neno hilo.

Lalla Zhor atakuja tena Ijumaa ijayo, kwa mara ya mwisho. Anataka jiko la watu walio hai. Kuskusi tulikwenda kuila chini, katika jiko la mama. Nimekula humo maisha yangu yote, na sasa, kalamu mkononi, siikumbuki rangi yake. Nitalichunguza suala hilo siku nyingine.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeamka na mwanga! Kosa si langu. Kosa ni la kijani: kimebeba kumbukumbu nyingi mno. Ninahitaji rangi isiyomkumbusha mtu yeyote habari za wafu.

Nilikuwa juu ya paa nikiwaza hayo, nikamwona jirani yetu Lalla Mahjuba akianika nguo. Yumo edani tangu alipomzika mumewe, na kama wajane wetu wote amevaa nyeupe tangu mtandio hadi soksi. Jua likamwangukia. Utulivu gani ule! Nikateremka mbio kumuuliza weupe huo unaitwaje hasa. Akaangua kilio. Rangi inayogusa moyo kiasi hicho ndiyo inayofaa kwa harusi.

Kuta nyeupe, basi, na kuba nyeupe. Nyeupe ya Anwar ni woga. Yangu ni uamuzi. Nimerudi kwa yule mwenye duka la vitambaa kuomba pamba nyeupe tupu, isiyoshonwa, ya kufunika urefu uleule wa mtu mzima. Hakuuliza lolote. Alinikumbatia.

Bouazza ameulizia droo. Nimemwambia tusianze na mambo madogo.