Straton na Ng'ombe wa Tatu

Mwaka ule wa vita ya Wazungu, bei za vitu zilikuwa zinaamka mapema kuliko jogoo. Straton aliligundua jambo hilo katika duka la Kanyamibwa pale Muheto, siku ya soko. Asubuhi alinunua kopo la chumvi kwa franka mbili. Mchana akarudi kumchukulia shangazi yake kopo lingine, akaambiwa tatu.

"Asubui ulisema mbili, Papa," akasema Straton.

"Asubui ilikuwa asubui," Kanyamibwa akajibu, akifuta meza kwa kiwiko. "Sasa njo muchana. Ni vita."

Vita ilikuwa inalaumiwa kwa kila kitu. Mche wa sabuni uliokuwa ukikatwa kwa uzi vipande sita sasa ulitoa vipande kumi, na kwa kipande kimoja mwanamke aliweza kufua kola ya shati, mikono ya shati ikangoja juma lijalo. Kinyozi alipandisha bei ya kichwa kwa sababu wembe unatoka Ulaya, ingawa wembe wake ulikuwa ule ule uliomnyoa babu yake Straton. Bibi mmoja wa Burungu aliyekuwa akikanda migongo ya wazee naye alipandisha bei, na alipoulizwa vita imeingiaje mgongoni mwa mtu, alijibu kwamba hata vidole vyake vinakula chumvi.

Straton aliyaona hayo yote na kucheka, kwa maana hakuwa mtu wa kununua sana. Alikuwa mtu wa maneno. Shamba lake la maharagwe lililimwa na jirani, ambaye Straton alikuwa amemsadikisha kwamba mvua hunyesha kwanza kwa anayelima la mwenzake. Msimwite mwizi, tafadhali. Mwizi huchukua kitu bila kumwambia mwenyewe, lakini Straton hakuwahi kuchukua kitu ambacho mwenyewe hakumkabidhi kwa mikono miwili na kumshukuru juu yake.

Kicheko kilimkauka siku mkwe wake mtarajiwa, Mzee Kabera, alipomwita kando ya zizi. Mahari ya Anastasie yalikuwa ng'ombe wawili, na wote wawili Straton alikwisha kuwaleta, urithi halali wa marehemu baba yake. Katekista Théophile alikwisha kusoma kanisani tangazo la kwanza la ndoa. Yalibaki matangazo mengine mawili.

"Mutoto yangu," Kabera akasema kwa upole wa mtu anayekupokonya, "sasa itakuwa ng'ombe tatu."

"Papa, tulisikilizana mbili."

"Tulisikilizana mbele chumvi ipande. Angalia sabuni, angalia chumvi. Binti yangu njo atabakia peke yake ku bei ya zamani? Ya tatu isipofika, tangazo ya tatu haitasomwa. Na hii maneno ibakie kati yetu. Sipendi bantu baseme Kabera iko na tamaa."

Straton alimpenda Anastasie, tuseme wazi. Alimpenda kwa sababu ndiye mtu pekee wa Muheto ambaye maneno yake hayakumwingia. Angeweza kuongea mpaka povu, yeye akaendelea kuchambua maharagwe, kisha akauliza, "Umemaliza?" Kumkosa msichana kama huyo kwa ajili ya ng'ombe mmoja kulimwuma kwelikweli, na ng'ombe huyo hakuwa naye.

Ndipo alipomkumbuka Kanyamibwa, na jinsi macho yake yanavyong'aa kila bei inapopanda. Mtu wa namna hiyo, akawaza Straton, haumwi na bei ya juu. Anaumwa na chumvi ambayo haiko dukani mwake ya kuuzwa kwa bei hiyo.

Kesho yake akaingia dukani kwa kunong'ona.

"Papa Kanyamibwa, miye siseme kitu. Lakini ku Mpofi kuko muntu, jina yake Edmond. Iko na magunia ine ya chumvi anaficha. Anaogopa wakaguzi. Anapenda kuitosha, kuiuza, ku bei ya mwaka jana."

Kanyamibwa akaacha kufuta meza. "Ya mwaka jana?"

"Ya mwaka jana. Na mwezi kesho, wananiambia, kopo itafika franka tano. Lakini wacha, hii si mambo yako, uko na kazi mingi."

"Kaa kwanza," akasema Kanyamibwa.

Straton akakaa. Kanyamibwa akasema hana franka za kutosha, lakini ana ng'ombe. Straton akakunja uso, akasema Edmond hataki kitu chenye pembe, akainuka, akavutwa shati, akakaa tena. Mwishowe akakubali kwa shingo upande kwamba ng'ombe atapelekwa Mpofi kwa Edmond, ambaye ana harusi na anahitaji nyama.

"Atachinjwa kule kule?" Kanyamibwa akauliza, na kwa sababu fulani akaonekana kufurahi.

"Juma hii hii."

Magunia manne yakafika, ingawa Edmond hakuwahi kuzaliwa. Juu kulikuwa na chumvi safi ya kina cha kiganja, ambayo Straton alikopa huku na huku kwa maneno matupu. Chini kulikuwa na udongo mweupe, ule wa kupaka kuta za nyumba, aliouponda mwenyewe siku tatu mpaka mikono ikatoka malengelenge. Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, na aliifanya kwa ajili ya mapenzi. Kanyamibwa akaonja kutoka kila gunia kwa ncha ya kidole, akaridhika, akamtoa kutoka malishoni Burungu mtamba mwekundu, mnene, mwenye macho ya upole.

Jumapili iliyofuata tangazo la pili lilisomwa. Straton alimlisha mtamba wake siku tano nyuma ya kilima, na Jumamosi, jua likiwa juu, akamswaga mpaka uani kwa Kabera, kifua mbele, fimbo begani.

Kabera alitoka ndani akitabasamu. Kisha tabasamu likamganda. Mtamba naye akainua kichwa, akamwendea mzee moja kwa moja, akaanza kumlamba kiwiko.

"Gaju," Kabera akasema, kabla hajajizuia.

Straton akashusha fimbo. "Papa, jina yake umejua wapi? Miye mwenyewe sikujua."

Hapa inabidi msomaji aelezwe desturi ya milima ile. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote uani kwake. Huwagawa, mmoja kwa huyu wa kuchunga, watatu kwa yule, nao wanaowachunga hunywa maziwa na kunyamaza. Wapita njia huwadhani ng'ombe ni wa mchungaji, na mwenyewe huketi kwenye kigoda kibovu akilia umaskini. Kabera alikuwa amelia vizuri. Théophile alipoomba mchango wa mabati ya kanisa, alilia. Anastasie alipoomba blanketi, miaka minne mfululizo, alilia zaidi.

"Ulimupata wapi?" Kabera akauliza, sauti chini.

"Kwa Kanyamibwa. Iko nazo saba ku Burungu."

"Saba ile njo yangu," akafoka mzee, kisha akaziba mdomo kwa kiganja, akatazama kuelekea jikoni.

Straton hakupata nafasi ya kulitafuna neno hilo, maana langoni alikuwa anaingia Kanyamibwa mwenyewe, kofia mkononi, uso mrefu wa mtu anayeleta msiba. Alianza kuongea akiwa bado anatazama chini, kama adabu inavyotaka.

"Papa Kabera, pole sana. Minakuletea maneno ya mubaya. Chui iliingia ku malisho. Ilimukula Gaju yako. Sikupata hata kwato."

Gaju akacheua. Kanyamibwa akainua macho, akamwona ng'ombe, akamwona Straton, akarudia kumtazama ng'ombe.

"Chui imemurudisha," akasema Straton.

Mambo yakapamba moto hapo. Kabera akamwita Kanyamibwa mwizi wa ng'ombe. Kanyamibwa akamwita Straton mwuza udongo. Straton akasema kama ulikuwa udongo, mbona gunia la kwanza limeuzwa lote, tena kwa franka nne? Kanyamibwa akakiri kwamba alipoukuta udongo aliukoroga na chumvi ya juu, kwa sababu mfanyabiashara hawezi kutupa mali. Wote watatu walikuwa wanapiga kelele kwa kunong'ona. Kabera hakutaka mtu ajue ng'ombe wake, Kanyamibwa hakutaka mtu ajue chui wake, na Straton hakutaka Anastasie ajue lolote.

Anastasie akatoka jikoni na sufuria ya maharagwe. Akaiweka katikati yao, akawapa kila mmoja kijiko.

"Mukule kwanza," akasema.

Wakala. Maharagwe yalikuwa na rangi ya ukuta na ladha ya ukuta, na yalikwangua meno.

"Njo vile bantu yote banakula tangu siku tatu," Anastasie akasema. "Nilifikiri ni maharagi. Kumbe ni nyinyi." Akavuta kigoda kibovu cha baba yake, akaketi. "Kesho Théophile atasoma tangazo ya tatu. Na mumesahau vile anamaliza. Anauliza, mwenye kujua kizuizi cha hii ndoa asimame aseme. Miye nitasimama. Niko najua tatu: ng'ombe, chui, na udongo. Jikoni inasikia."

Vijiko vikawekwa chini.

"Anasta, binti yangu," Kabera akaanza.

"Blanketi, Papa. Miaka ine." Alisema bila kupandisha sauti, lakini mzee aliona aibu, na aibu hiyo ilimfaa. "Gaju iko yangu tangu leo. Zile mbili za Straton zitatoka humu, aziuze, anunue chumvi ya kweli, magunia ine, na aibebe yeye. Papa Kanyamibwa atagawa bila franka, kopo kwa kopo, kwa kila mama mwenye kukula udongo."

"Na ndoa?" Straton akauliza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hayo ndiyo maneno yote aliyokuwa nayo.

"Théophile atasoma tangazo ya pili tena, mpaka urudi. Nitamwambia."

Basi Straton akashuka kwa njia ya Walikale, ile ipitayo Mpofi, na ng'ombe wake wawili. Kila alipopita, alikuta uvumi wake umemtangulia: chumvi itafika franka tano. Wenye maduka walikuwa wamesikia na kutii. Pale Mpofi ilikuwa imefika sita, na hakuna ulimi duniani uliowahi kumshusha mwenye duka ambaye ameshasikia ya vita. Ng'ombe wawili wa marehemu baba yake wakatoka hivyo, wakaacha magunia manne na hakuna hata franka ya mbebaji. Aliyapandisha mlimani moja moja, kichwani, na kule Muheto tangazo la pili likasomwa Jumapili sita, mpaka watoto wakawa wanalisoma pamoja na katekista.

Gunia la nne lilipofika, Anastasie hakuonja juu. Aliingiza mkono mpaka begani, akatoa punje kutoka chini kabisa, akaziweka ulimini. Straton alimtazama, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Ni chumvi," akasema.

Jumapili Théophile akasoma la tatu. "Mwenye kujua kizuizi cha ndoa hii, asimame aseme."

Kabera akatazama miguu yake, Kanyamibwa akafumba macho kama anayesali. Anastasie akasimama.

Straton akahisi magunia yote manne yamemrudia kichwani mara moja. Anastasie akakunjua kitenge chake, akakivuta vizuri kiunoni, akakifunga upya bila haraka, akaketi.

"Endelea, katekista," akasema.