Anayeshindwa Aamke

Jumatatu, 11 Februari 2008

Msiba. Kamaljit anataka mabenchi yake.

Alitoka dukani saa nne asubuhi, akasimama barazani mikono ikiwa nyuma, akatazama mchezo wetu wa drafti mpaka Ndegwa akapata kingi. Kisha akasema kwa upole, kama anavyomwambia mteja kwamba saruji imekwisha, kuwa gurudwara, hekalu lao la Kisikh, inawapikia watu waliofukuzwa makwao baada ya uchaguzi, walio kambini kule uwanja wa maonyesho, na akina mama wanaosukuma chapati wanakaa chini kwenye magunia. Mabenchi mawili ya barazani ni mali ya gurudwara tangu zamani. Yatachukuliwa.

Mkewe, Jasleen, akaongeza kutoka ndani, bila upole, kwamba hajawahi kuona wanaume thelathini wakiwatazama wawili wakisukuma vizibo vya soda huku nusu ya mkoa inalala kwenye mahema.

Narekebisha kwa ajili ya ukweli. Tulikuwa kumi na mmoja. Kumi na wawili ukimhesabu Micah, lakini Micah hachezi drafti. Hushauri.

Benchi la kushoto, upande wa nguzo, ni mahali pangu. Nimekaa hapo tangu 1992, nilipoteremka kutoka Mau Narok juu ya lori la viazi nikiwa na ubao wa drafti, Biblia, kamusi, na vizibo ishirini na vitatu. Cha ishirini na nne kilibaki kule pamoja na ekari saba. Mpaka leo natumia kifungo cha koti badala yake. Chumba nilichopanga kina kitanda na dirisha linalotazama ukuta. Mjini hapa hakuna mahali pengine ambapo, nikichelewa, mtu huuliza Mzee Ephantus yuko wapi.

Mabenchi hayaendi popote. Nitafikiri.

Jumanne, 12 Februari

Nimefikiri.

Kila baraza la drafti lina sheria moja: anayeshindwa anaamka, anayefuata anakaa. Mimi nimeongeza maneno machache tu. Anayeshindwa anaamka na kwenda kusaidia jikoni kambini hadi saa kumi. Jasleen hataweza kusema hatufanyi kitu.

Ndegwa, karani mstaafu wa reli na mshindani wangu wa tangu zamani, alikuwa amependekeza tufanye maombi. Zeddy, fundi wa redio, alipendekeza tuandike barua. Naftaly kinyozi, ambaye hajawahi kumshinda mtu yeyote, aliuliza kambi iko umbali gani.

Sheria yangu ilipita bila kupingwa. Kila mtu alikuwa akimtazama jirani yake kwa huruma.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba mimi sishindwi. Nina daftari. Tangu Agosti nimeshindwa mara mbili, na mara moja kati ya hizo kulikuwa na vumbi. Kwa hiyo kambi itasaidiwa, mabenchi yatabaki, jina langu litatajwa, na mgongo wangu hautaondoka kwenye nguzo.

Nimemweleza Kamaljit. Amesema vizuri, mzee, tuone mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Jasleen akauliza mimi mwenyewe nitakwenda lini. Nikamwambia siku nitakaposhindwa. Akasema anangoja.

Alhamisi, 14 Februari

Sheria inafanya kazi. Zeddy alimshinda Naftaly kwa dakika sita. Naftaly akachukua mkoba wake wa mikasi akaenda. Wawili wengine walifuata wakinung'unika. Mmoja alisema aliacha kupakua magunia ya mahindi akiwa na miaka thelathini, na hakutarajia kurudishwa na kizibo.

Baadaye mambo yakaganda. Hakuna anayetaka kushindwa. Ndegwa alimtazama Zeddy, Zeddy akamtazama Ndegwa, kuanzia saa tano hadi saa nane, na katika muda huo vilisogezwa vizibo vinne. Micah alisinzia katikati ya ushauri wake mwenyewe. Jasleen alitoka mara mbili kutuhesabu.

Nikatunga kifungu cha pili: sare ni kushindwa kwa wote wawili. Ndegwa akaniita dikteta. Akaenda hata hivyo, kofia kichwani, kama mtu aliyeitwa mahakamani.

Ijumaa, 15 Februari

Naftaly anasumbua.

Jana hawakumpa viazi amenye. Walipoona mikasi wakampa kiti, na mbele yake wakapanga watoto. Amenyoa vichwa thelathini na vinane. Leo ametusimulia karibu vyote. Kuna bibi mmoja wa Molo aliyeomba anyolewe upara kabisa, akasema anataka kuanza upya kuanzia juu. Bibi huyo alimwambia Naftaly ana mkono mwepesi. Naftaly amelirudia neno hilo mara tano. Watu waliacha mchezo wakamsikiliza, mtu ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kumaliza sentensi kwenye baraza hili.

Ndegwa naye amerudi na yake. Kwa sababu ya mwandiko wake wa reli wamempa orodha ya blanketi. Anasema "ofisini kwangu". Nimeuliza. Ni meza ya kukunja, na mguu mmoja umewekewa jiwe.

Jumamosi, 16 Februari

Jambo la ajabu. Nilicheza na Ndegwa. Alipofika hatua ya saba aliacha pembe yake wazi. Ndegwa, anayelinda pembe ile kama shamba la urithi. Kwetu hapa ukiona cha kula lazima ule, huna hiari. Nikala vitatu. Akaacha vingine viwili. Nikala. Akaamka, akanipa mkono, akatoa aproni mfukoni.

Narudia. Aproni, mfukoni, imekunjwa na kupigwa pasi. Alitoka nayo nyumbani.

Nimeandika ushindi huo kwenye daftari. Sikuuwekea nyota.

Jumatatu, 18 Februari

Foleni. Wamepanga foleni ya kushindwa.

Walinijia mmoja baada ya mwingine, wakanisogezea vizibo kama watu wanaomlisha mgonjwa uji. Nilikula mpaka mkono ukachoka. Zeddy aliniambia harakisha guka, babu yangu, huko kuna redio tatu zinamngoja, na wazee wote wanataka kusikia mazungumzo ya amani ya Nairobi yamefika wapi. Nikajaribu kukataa kula. Wakanisomea sheria. Kabla ya saa tano nilikuwa nimeshinda mara kumi. Hakuna mtu katika historia ya baraza hili aliyepata asubuhi kama hiyo, na mimi sijawahi kupata mbaya zaidi.

Tukabaki mimi na Micah. Akakaa mkabala nami, mahali ambapo sijawahi kumwona. Nikamkumbusha kwamba yeye hachezi. Akasema leo anacheza. Alishindwa kwa dakika nne huku jasho likimtoka, akasema mchezo mzuri mzee, akaenda.

Nikacheza na nafsi yangu hadi saa tisa. Tulitoka sare. Kwa mujibu wa kifungu cha pili nilipaswa kwenda kambini mara mbili. Sikwenda. Hakukuwa na shahidi.

Jasleen alitoka kutuhesabu. Hakuchukua muda.

Jumatano, 20 Februari

Nimeigeuza sheria. Kuanzia leo anayeshinda ndiye anayekwenda. Hesabu yenyewe ni rahisi. Wao wanataka kwenda, kwa hiyo lazima wanishinde, na hawawezi. Watabaki hapa wakijaribu mpaka Jumamosi, mabenchi yakiwa yamejaa, na Kamaljit hatakuwa na la kusema.

Saa tatu na nusu Ndegwa alinishinda. Hatua kumi na nne. Saa nne kasorobo, Zeddy. Saa nne na dakika tano, Naftaly.

Nitaandika tena kwa sababu daftari lazima liseme kweli. Naftaly.

Kufikia saa sita alikuwa amebaki Micah tu. Nikamwuliza kumetokea nini. Akatazama barabara. Nikamshika mkono wa koti. Ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayefungua mzigo usio wake, kwamba ule mwaka nilipokuja nilikuwa siongei. Nilikuwa nakaa pale kwenye nguzo na ubao magotini, chai ya Kamaljit inapoa. Siku niliposhinda mchezo wa kwanza nikacheka. Basi watu wakaonelea nishinde na wa pili. Halafu ikawa mazoea. Hata mgeni akija, huambiwa kabla hajakaa. Zile mara mbili nilizoshindwa tangu Agosti walikuwa wageni waliokaa kabla ya kuambiwa. Yeye Micah hachezi kwa sababu hajui kujifanya. Jumatatu alijikaza.

Kisha akanishinda na yeye, akaenda.

Nimeyapima maneno yake kwa makini. Ni wazi kwamba Micah hakumbuki vizuri, umri. Tatizo ni kile kifungo. Hakitelezi kama kizibo, na kinanipotezea mtiririko.

Jumamosi, 23 Februari

Mkokoteni ulifika saa tatu.

Nilisimama mbele ya benchi langu nikamweleza Kamaljit mapatano yetu, neno kwa neno. Tulitakiwa kusaidia. Tumesaidia. Akasema ni kweli kabisa mzee, na ahsante sana, watu wako wote wako kule kila siku, na ndiyo sababu. Kule wamekuwa wengi na hawana pa kukaa. Hapa hakuna anayekaa. Nilitafuta kosa katika hoja hiyo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Sikuliona.

Walipoinua benchi, kwenye nguzo ilibaki alama mahali rangi ilipofutika, upana wa mabega yangu. Kamaljit aliitazama. Akasema wakija wapaka rangi atawaambia waipite.

Nilifuata mkokoteni kwa miguu, ubao kwapani. Mwaka ule nilibebwa mimi, mahali pangu pakabaki. Safari hii mahali pangu palibebwa, mimi nikafuata.

Kambini Jasleen alinipa kisu na beseni la viazi bila kuuliza kama nimeshindwa. Kando yangu alikaa mzee wa umri wangu aliyefika mwezi uliopita. Alikuwa akimenya maganda mazito, kama mtu ambaye bado ana shamba. Akauliza kama ni kweli wanavyosema, kwamba mimi pia niliwahi kufukuzwa kwangu. Nikasema ni kweli. Akauliza ilichukua muda gani mambo kutulia.

Nina kichwa cha hesabu. Ni miaka kumi na sita, kasoro miezi michache.

Nikamwambia si muda mrefu.

Akaitikia kwa kichwa, akachukua kiazi kingine. Baadaye akaniuliza nimebeba nini kwapani. Nikafungua ubao juu ya beseni lililogeuzwa. Alipoona kifungo aliinama, akaokota kizibo cha soda kwenye majani, akakifuta kwa shati, akakiweka mahali pa kifungo. Vikawa ishirini na vinne. Kifungo nimekitia mfukoni.

Akanishinda mara mbili. Yeye bado hajaambiwa.

Kizibo chenyewe ni kipya mno. Kinateleza kupita kiasi.

Jumatatu, 25 Februari

Baraza limehama. Saa sita, wakati wa kupumzika, wote walikuja kwenye benchi la kushoto, wakaleta na watazamaji. Ndegwa na Zeddy walicheza. Naftaly alitoa maoni na watu wakayasikiliza. Micah alikuwa amesimama nyuma ya yule mzee mgeni, akimnong'oneza jambo sikioni kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa akimshauri. Mchana huo huo mzee yule alicheza nami akaacha pembe yake wazi. Nilimshinda vizuri sana. Nilisema mimi kwamba kizibo kikishazoea ubao mambo yatabadilika.

Tatizo ni dogo. Akina mama wa chapati wamerudi kwenye magunia. Jasleen alitoka jikoni na mwiko mkononi, akatuhesabu, tukawa ishirini na wawili. Amesema ana siku tatu za uvumilivu.

Nimefikiri. Kamaljit amebaki peke yake dukani, hana mtu wa kumsaidia kupakua saruji, na baraza lake ni tupu. Kwa hiyo sheria mpya ni hii: anayeshindwa anaamka na kwenda kumsaidia Kamaljit hadi saa kumi. Imepita bila kupingwa. Wote walikuwa wakinitazama kwa huruma, sijui kwa nini.

Jasleen ameuliza mimi mwenyewe nitakwenda lini. Nimemwambia siku nitakaposhindwa.

Nimefungua ukurasa mpya wa daftari na kuupigia mistari. Kesho saa tatu, mimi na Ndegwa.