Bahasha Nene ya Jumapili

Alhamisi, 1 Januari

Profesa wangu amekuwa wa kwanza! Wa kwanza shule nzima! Heri ya mwaka mpya, shajara, nilikuwa nimesahau. Kitinda mimba wangu huyuhuyu amechaguliwa ile sekondari yenye geti la bluu. Akili kachukua kwangu, miguu kwa babake. Mwisho wa kulipa ada ni Ijumaa tarehe tisa, la sivyo nafasi anapewa aliyemfuata. Na aliyemfuata ni mtoto wa Mama Pazia, jirani yangu mshona mapazia. Afadhali nilale njaa!

Ibadani mchungaji kafundisha fedha za nyumbani. Mungu ni wa utaratibu, kasema. Gawa kipato, toa zaka kwanza, usitumie ili watu wakuone. Nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Mama Pazia akageuka kutazama. Vizuri.

Ijumaa, 2 Januari

Bahasha nne za kaki. Zaka, ada, chakula, umeme. Baba Watoto, ambaye ni fundi bomba lakini hujifanya mhasibu, kasema niandike juu. Nikamwambia nikiandika, yule mdogo wake mkopaji atajua ipi ya kuililia. Mimi nazijua kwa kuzishika tu. Zaka na ada nimezificha ndani ya Biblia, mahali pekee shemeji hajawahi kupekua.

Jumapili, 4 Januari

Wakati wa sadaka Mama Pazia, aliyekaa mbele yangu, kainua bahasha yake juu kama anasimamisha basi. Ebo! Nami nikainua yangu. Niliichomoa kwenye Biblia bila kutazama, macho yote yalikuwa kwake. Ikatua kapuni kwa kishindo. Raha iliyoje!

Nyumbani nikafungua Biblia. Bahasha iliyobaki nyembamba kama jani. Ee Bwana! Nimetoa ada!

Baba Watoto kauliza mbona nimekaa sakafuni. Nikasema naomba. Haukuwa uongo.

Jumatatu, 5 Januari

Nimekwenda kanisani kuiomba irudi. Maneno niliyapanga njia nzima. Uani nikamkuta mchungaji na mhazini, na nani tena? Mama Pazia. Kabla sijafungua mdomo mchungaji akasema imepatikana bahasha nene isiyo na jina, na Alhamisi wananunua mabati ya paa linalovuja. Mtoaji anajulikana na Mungu tu. Mama Pazia akainamisha kichwa, akatabasamu kwa haya kama bibi harusi. Kana kwamba ni yeye! Mhazini akaanza kumshukuru!

Nikasema ni mimi.

Ulimi huu! Wakanipigia makofi. Mchungaji kanishika mikono yote miwili. Sasa ningesemaje? Nimerudi mikono mitupu, kichwa juu.

Jumatano, 7 Januari

Seremala wa kanisani kamsimamisha Baba Watoto njiani, kampongeza kwa kuoa mke mkarimu. Mwanamume kaingia ndani na spana mkononi. Kauliza taratibu, na akiuliza taratibu ujue kumekucha: ada iko wapi? Nikasema imani ni kuamini usichokiona. Akajibu kwamba hata hiyo ada haionekani, basi nyumba hii imejaa imani.

Profesa alikuwa anapiga pasi sketi mpya ya shule. Akazima pasi. Akaikunja sketi, akairudisha kwenye mfuko wa dukani. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Nikasema nitakwenda kwa mchungaji kesho asubuhi. “Wewe huendi popote,” Baba Watoto akasema, “utarudi umetoa na bahasha ya umeme.” Akavaa viatu, akaenda mwenyewe.

Alhamisi, 8 Januari

Mchungaji kairudisha yote! Kasema Mungu hataki paa la ada ya mtoto, na kwamba ningesema tu. Ningesema tu! Mbele ya Mama Pazia?

Ada imelipwa. Profesa kalala na stakabadhi chini ya mto. Nimelia kidogo. Nimeahidi mbele za Bwana: mwaka huu hakuna kujionyesha. Bahasha zimeandikwa majina, kaandika Profesa kwa mwandiko wake mzuri. Wa kwanza shule nzima!

Ijumaa, 9 Januari

Mama Pazia kaja kunipa pole. Pole! Eti kasikia sadaka imerudi, anaona hali yetu ngumu, anaweza kutuchangia unga. Unga! Nikamwuliza ngumu wapi, na sisi tunaandaa sherehe ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya Profesa, kanisa zima, turubai na viti vya kukodi? Akasema hakuwa na habari. Hata mimi sikuwa nayo.

Turubai limelipwa kwa bahasha ya chakula, viti kwa ya umeme. Sherehe yenyewe ni mchana, umeme wa nini? Huo ndio utaratibu. Baba Watoto nitamwambia wageni wakishaanza kuingia. Mchungaji aje, mhazini, seremala, hata shemeji. Mama Pazia aje na watoto wake wote, hasa yule aliyekuwa wa pili. Wote nawangoja Jumamosi, tarehe kumi na saba.