Kikorea cha Pumzi

Jumanne, 8 Julai. Mwitongo.
Kikorea nakijua! Ndivyo nilivyowaambia ukoo jana, wote wakanigeukia. Sasa niko peke yangu, niseme kweli: sijui hata salamu. Walitaka kumfanya mdogo wangu Leonardi msemaji siku Mkorea anayemchumbia mjukuu wangu Judith atakapoleta mahari. Leonardi! Mtu anayekohoa kwanza ndio aseme. Nikasema mimi nilikaaga na Wakorea Mwanza. Mwanza nilikaa, nikilinda geti. Mkorea niliyemwona huko alikuwa kwenye kalenda.
Na jambo lenyewe si dogo. Ng'ombe wa mahari ya Judith ndio kaka yake, Edwin, atakaoolea. Mchumba wake yupo, anasubiri.

Jumatano, 9 Julai.
Nimeanza masomo kwenye simu. Mwalimu ni mwanamke, anacheka kila neno. Kumbe K wanazo tatu! Moja ya kawaida. Moja ya kubana koo, kama mtu aliyenyimwa nyama. Moja ya pumzi, unaisukuma nje kwa nguvu. P, T na CH hivyohivyo. Anasema shika karatasi mbele ya mdomo. Ya pumzi ikiipeperusha, umepata.
Karatasi sina. Nimenyofoa unyoya wa jogoo. Jogoo hakupenda.

Alhamisi, 10 Julai.
K ya kawaida, unyoya ukaruka. Ya kubana, ukaruka. Ya pumzi, mate yakatangulia, unyoya ukalowa. Mke wangu Wegesa akasema tatizo si ulimi, ni pengo la meno ya mbele, na mzee mzima niache kumtemea mbuzi wake. Leonardi akapita, akauliza kaka, unazima moto gani. Nikamwambia hiyo ni lugha, haimhusu. Akaenda akicheka mpaka njia panda.
Aibu. Nimehamia nyuma ya choo. Neno nimechagua moja tu: chingu, yaani rafiki. CH ya pumzi.

Jumamosi, 12 Julai.
Sitaki kuandika. Naandika.
Wamekuja kutoka Musoma: Mkorea, baba yake, na mshenga wao, mtu wa Bunda. Kijana akainama, shikamoo babu, Kiswahili kimenyooka kuliko cha Leonardi. Ningeishia hapo! Lakini ukoo mzima ulikuwa unaniangalia mdomo. Leonardi akakohoa, akasema haya kaka, tupe hicho Kikorea. Nikajaribu kuvuta muda. Nikapiga funda la maziwa kwenye kibuyu. Kabla sijameza, pumzi ikatoka: Chhhingu!
Maziwa yote usoni kwa kijana. Na kwa Judith aliyesimama naye.
Wanawake wakapiga vigelegele! Kwetu mzee anawapuliziaga wachumba maziwa mwisho kabisa, ng'ombe wakishakubaliwa. Akishapuliza, basi, hakuna kudai tena. Na hapo alikuwa ametajwa ndama mmoja tu, wa kufungulia mazungumzo. Mshenga akaruka juu, mjanja yule: wazee wamebariki, asanteni sana! Baba Mkorea akajifuta, akanishika mikono miwili. Leonardi hakukohoa hata kidogo. Hiyo ndiyo iliyoniuma.
Edwin akaondoka bila kula.

Jumapili, 13 Julai.
Kanisani sikwenda. Wegesa karudi anasema hata katekista ananiita Mzee Chingu. Edwin nimemkuta zizini, anamwangalia yule ndama mmoja waliyetuachia. Nikasema pole mjukuu wangu. Akasema hamna shida babu, bila kunitazama. Angenitukana, ningelala.

Jumatatu, 14 Julai.
Nimepata njia! Mchumba wa Edwin ni Mjaluo wa Shirati. Tukizungumza nao vizuri watatupunguzia ng'ombe. Nimewaambia ukoo waniachie mimi, nilivua na Wajaluo, tukiongea lugha yao kutwa. Kweli yenyewe, nilinunua dagaa kwao. Mara moja. Edwin kashika kichwa kwa mikono miwili; naona ni furaha.
Jirani yangu Boniphace, mama yake ni Mjaluo. Nimemwandikia hivi: ng'ombe wako alipokwama kuzaa, nani alimvuta ndama? Ukasema niombe chochote. Basi njoo kesho unifundishe kusalimia tu. Pitia nyuma, Wegesa asikuone.